Mgongo wa Asubuhi na Mgongo wa Jioni

Uti wa mgongo wa mtu mzima una pingili 24 zinazocheza: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Kati ya pingili nyingi mna kisahani laini chenye majimaji, na nyuma vipo viungo vidogo vilivyovikwa gegedu. Humo ndimo baridi yabisi ya mgongo huanzia mara nyingi.

Jina hilo huwapotosha wengi Lubumbashi, Kongo. Juni na Julai usiku wa mji huo, ulio kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, huwa baridi kweli, migongo ikalalamika, na lawama zote zikaangukia hali ya hewa. Baridi hukaza misuli na kuamsha maumivu yaliyokuwapo, gegedu hailili.

Mlaji wa gegedu mara nyingi ni umri, urithi na mzigo. Msukuma baiskeli ya makaa akiingia mjini, magunia yamempita kichwa, mkono mmoja uko kwenye usukani, bega limeegemea gunia, kiuno kimepinda upande uleule tangu porini. Mwaka baada ya mwaka visahani hunywea, viungo vya nyuma hubeba uzito usio wao, na mfupa huota vijipembe. Mgongo wa namna hii huuma kadiri kazi inavyoendelea na hutulia mtu akilala. Ugumu wake wa asubuhi hauzidi nusu saa. Kijipembe kikibana mshipa wa fahamu, maumivu hushuka hadi mguuni. Hata hivyo wapo ambao eksirei huonyesha mgongo uliochakaa nao hawaumwi chochote, kwa hiyo picha isisomwe bila mwenyewe kuulizwa.

Aina nyingine ya baridi yabisi ya mgongo, spondiliti ya kukakamaza, huenda kinyume. Huwaanza vijana, kwa kawaida kabla ya miaka 45, huwaamsha alfajiri wakiwa wakavu kama ubao, na hulegea wakitembea. Hapa kinga ya mwili ndiyo inayouchoma mgongo, na pingili zinaweza kuungana kabisa. Kinasaba HLA-B27, kinachoandamana na ugonjwa huu, ni adimu kusini mwa Sahara. Lakini ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, nchini Zambia, madaktari wa Lusaka wameeleza magonjwa ya ukoo huu kwa watu wenye VVU wasio na kinasaba hicho.

Ugonjwa wa mgongo wa kuogopwa zaidi ni kifua kikuu cha mgongo, alichokieleza Mwingereza Percivall Pott mwaka 1779. Homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, kisha kibiongo kinachochomoza: mgongo huo usikandwe, kwa kuwa pingili zake zimeoza. Dawa zake hutolewa bure Kongo na huponya zikimezwa miezi yote iliyopangwa.

Mgongo uliochakaa husaidiwa na mazoezi kuliko kitanda. Vidonge vya diklofenaki vinavyonunuliwa kiholela hutuliza, lakini vikizoewa hutoboa tumbo na kuchosha figo. Miguu ikilegea ghafla, au mkojo ukigoma kutoka, mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyohiyo.