Askari kanzu wa London

Sisi tuliokulia mjini tulimwogopa askari kanzu kuliko mwenzake wa sare. Wa sare unamwona akija. Wa kanzu huenda mmekaa meza moja mnakunywa chai. Juma hili naomba tuwazungumzie wale wa Scotland Yard, kwani jina la idara yao, CID, ndilo tulilorithishwa na wakoloni.

Polisi wa London walianzishwa na Waziri Robert Peel mwaka 1829, wakavikwa sare makusudi. Waingereza walichukia majasusi wa serikali, wakataka polisi aonekane. Kwa hiyo ilipita miaka 13 kabla ya kuundwa kikosi cha wapelelezi mwaka 1842, nacho kilikuwa na watu 8 tu, katika jiji lenye watu takriban milioni 2!

Hofu ya raia haikuwa ya bure. Mwaka 1877 matapeli wawili wa mbio za farasi, wakiwa tayari kifungoni, walieleza jinsi walivyokuwa wakiwahonga makachero ili wawadokeze kila walipokaribia kukamatwa. Maofisa watatu walipewa miaka 2 na kazi ngumu. Fikiria, msikilizaji: mwizi ndiye aliyekuwa akimlipa mtu wa kumtafuta. Kikosi kikavunjwa, na mwaka 1878 ikaundwa CID chini ya mwanasheria Howard Vincent, aliyekuwa amekwenda Paris kuchunguza kazi ya polisi wa huko.

Sifa yao kubwa ilikuja na alama za vidole. Edward Henry alikuwa mkuu wa polisi Bengal, India, na mpango wa kuzipanga alama hizo ulitengenezwa huko kwa akili za wasaidizi wake Wahindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, ambao hutajwa mara chache. Mwaka 1901 Henry alifungua ofisi ya alama hizo London. Mwaka uliofuata mwizi mmoja aliiba mipira ya biliadi, akaacha alama ya dole gumba kwenye rangi mbichi ya dirisha. Akafungwa miaka 7.

Lakini kidole hakimsaidii mpelelezi asiyetaka kusikiliza. Rushwa ilirudi, hata Kamishna Robert Mark akalazimika kuanza kuifagia mwaka 1972. Kisha Aprili 1993 kijana mweusi wa miaka 18, Stephen Lawrence, alichomwa kisu na vijana Wazungu kituo cha basi. Majina ya washukiwa yalifika polisi mapema, lakini makachero wakakawia kukamata. Tume ya Jaji Macpherson mwaka 1999 ilisema wazi kwamba ubaguzi wa rangi ulikuwa umeota mizizi katika polisi. Wawili walihukumiwa mwaka 2012, wazazi wakiwa wamepigania haki hiyo kwa miaka 18.

Nasi tuliwahi kuwaita. Mwaka 1990, Waziri Robert Ouko wa Kenya alipouawa, makachero wa Scotland Yard walifika wakiongozwa na John Troon. Walihoji watu, wakaandika ripoti, wakarudi kwao. Kachero hukusanya ushahidi. Kushtaki na kuhukumu ni kazi ya wengine. Hadi leo hakuna aliyepatikana na hatia ya mauaji hayo.