Unapofufua Pikipiki ya Zamani, Linda Afya ya Nyumba Yako

Katika vijiji vyetu hukosi kuona pikipiki ya zamani imeegemezwa ukutani au imelazwa katika banda la kuku. Pengine ni Honda CG 125, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976, au ni Yamaha iliyowahi kumbeba bwana shamba. Matairi yamepasuka na kiti kimeliwa na panya, lakini injini bado ipo. Vijana, na hata wazee waliostaafu, huzinunua kwa bei ndogo na kuzifufua wenyewe nyumbani jioni, baada ya kazi za shamba. Hawafanyi hivyo kwa biashara. Wanapenda tu.

Sisi wa zahanati hatuna ugomvi na kazi hiyo. Kazi ya mikono hupumzisha akili, na mtu anayetafuta kwa nini plagi haitoi cheche hana nafasi ya kushinda kilabuni. Lakini nyumbani si gereji. Nyumbani kuna watoto, kuna mama mjamzito, kuna jiko la kuni na kibatari. Ndiyo sababu nataka tuzungumze juu ya pikipiki hiyo katika ukurasa wa afya.

Tuanze na petroli, maana ndiyo inayoleta wagonjwa wengi. Petroli iliyokaa miaka ndani ya tangi huchacha na kuacha utomvu unaoziba kabureta, kwa hiyo lazima itolewe. Watu wengi hutumbukiza mpira na kuivuta kwa mdomo. Usifanye hivyo hata kama umefanya mara mia bila kudhurika. Petroli ni nyepesi sana. Ukipaliwa kidogo tu huingia katika mapafu, huenea upesi, na kuyaunguza kwa ndani. Mtu huanza kukohoa, kisha huhema haraka, na baada ya saa chache anaweza kuwa na ugonjwa mkali wa mapafu. Pikipiki haikulazimishi kuvuta. Tangi liko juu na lina koki chini yake. Chomoa mpira kwenye kabureta, uelekeze ndani ya debe, fungua koki, mafuta yatashuka yenyewe.

Sasa petroli hiyo utaiweka wapi? Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Wengi huiweka katika chupa ya soda au kikombe cha chai, kisha huoshea vyuma. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma wala kunusa kwa makini. Anajua kwamba chupa ya soda ina soda. Weka petroli na mafuta ya taa katika chombo cha mafuta chenye kifuniko kinachokaza, mahali pa juu, penye kufuli.

Mtoto akinywa petroli au mafuta ya taa, usimtapishe. Najua kwamba bibi zetu walitufundisha kumpa maziwa au mafuta ya kula ili atapike. Walifanya hivyo kwa upendo, lakini kwa sumu ya namna hii ni vibaya. Anapotapika, mafuta hupita kooni mara ya pili, na ndipo yanapoingia mapafuni. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni, mkimbize zahanati, na uje na chupa aliyonywea. Mlete hata kama anacheka na kucheza. Dalili zinaweza kuchelewa.

Jambo jingine kuhusu petroli ni mvuke wake. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupai juu kama moshi. Hutambaa chini sakafuni kama maji. Unaweza kuwa unaosha kabureta mlangoni, nao ukatambaa mpaka kwenye jiko la kuni lililo hatua kadhaa nyuma yako. Fanya kazi hiyo nje, mchana, pasipo sigara wala kibatari. Kwa kuosha vyuma tumia mafuta ya taa badala ya petroli, maana hayashiki moto kwa urahisi kama petroli. Na tangi lililotoboka usilichomelee mwenyewe. Tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa limejaa mvuke, na likipata cheche hulipuka kama bomu. Kutu ya ndani unaweza kuiondoa kwa kutia kokoto ndogo na maji ya sabuni, kisha ulitikise sana.

Siku injini itakapokubali kuwaka utafurahi, na utatamani iendelee kunguruma. Isukume kwanza nje, chini ya mwembe. Katika moshi wa pikipiki kuna hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Damu yetu huishika hewa hiyo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni, kwa hiyo mtu hukosa hewa safi mwilini ingawa anavuta pumzi kama kawaida. Kichwa huuma, huona kizunguzungu, hutapika. Wengine hudhani ni malaria, wakaingia ndani kulala chumba kile kile chenye moshi, wasiamke. Ukiona dalili hizo, mtoe mtu nje kwenye hewa mara moja na umlete zahanati. Kwa mama mjamzito, sumu hiyo humfikia na mtoto aliye tumboni.

Ukifungua gurudumu utakuta vumbi jeusi penye breki. Fundi wengi hulipuliza kwa mdomo. Katika pikipiki za zamani vipande vya breki mara nyingi vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Ugonjwa wake, pamoja na saratani, unaweza kuonekana baada ya miaka 20, 30 au 40. Lowesha vumbi hilo kwa maji ya sabuni, lifute kwa kitambaa kilicholowa, kisha kitambaa na vipande vya zamani uvifunge katika mfuko na kuvifukia mbali na kisima. Usivipige msasa. Nunua vipya.

Rangi ya zamani nayo inaweza kuwa na risasi, kwa hiyo ukiitoa kwa msasa tumia msasa wa maji, watoto wakiwa mbali. Lakini risasi nyingi zaidi imo katika betri. Betri iliyokufa usiipasue ili kuyeyusha risasi ya chubwi za nyavu. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na mji wa Dakar nchini Senegal, watu walichekecha udongo wenye mabaki ya betri ili wapate risasi ya kuuza. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa huko. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na yule asiyekufa anaweza kubaki na akili iliyodumaa.

Maji makali ya betri ni tindikali. Yakikurukia jichoni, usingoje dawa. Fungua jicho na ulimiminie maji safi kwa dakika 20, kisha uje zahanati. Fanya vivyo hivyo ukiungua na bomba la moshi: maji baridi dakika 20, si dawa ya meno, si yai, si oili chafu.

Watu husema kutu ndiyo inayoleta pepopunda. Si kweli hasa. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na mavi ya mifugo, na chuma kilicholala miaka katika banda la kuku kina vyote viwili. Ukijikata, osha kwa maji mengi na sabuni, kisha uje uulizie chanjo. Wanaume wengi hawajachanjwa tena tangu utotoni.

Oili chafu usioge nayo mikono wala kuimwaga karibu na kisima. Ina vitu vinavyoleta saratani ya ngozi. Jipake mafuta ya kula kidogo, sugua, kisha nawa kwa sabuni.

Mwisho ni mnyororo. Usiufute wala kuupaka grisi injini ikiwa inawaka, hata polepole. Kitambaa hunaswa na kuvuta kidole mpaka kwenye meno ya gurudumu, na kidole hicho zahanati haiwezi kukirudisha. Zima injini, chomoa kofia ya plagi, ndipo uzungushe gurudumu kwa mkono.