Golf ya Zamani Inahitaji Watu Wawili

Anayetaka kufufua gari dogo la zamani nyumbani kwake huanza kwa kuhesabu spana. Hununua jeki, huazima grainda, huulizia bei ya mashine ya kuchomelea, kisha hupiga hesabu ya spea. Rafiki huja mwisho kabisa: mtu wa kuitwa siku ya kutoa injini, anywe chai, aage. Naona mpangilio huo umepinduliwa. Ukizichunguza kazi zenyewe moja baada ya nyingine, utakuta zile zinazoamua kama gari litarudi barabarani likiwa salama ni zilezile ambazo mtu mmoja hawezi kuzifanya vizuri, hata awe hodari namna gani. Rafiki wa kazi anatakiwa apatikane kabla ya mashine, na asipopatikana ni heri gari lisubiri. Nitalieleza hili kwa mfano wa Volkswagen Golf ya kizazi cha kwanza, kwa kuwa ndiyo hachibaki ambayo watu wengi huko Ulaya huifufulia nyumbani, na ubovu wake unajulikana vizuri.

Golf hiyo ilianza kutengenezwa Wolfsburg, Ujerumani, mwaka 1974, ikichukua nafasi ya Beetle. Umbo lake lilichorwa na Mwitaliano Giorgetto Giugiaro: mistari iliyonyooka, injini mbele imelazwa kwa upana wa gari, magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, na nyuma mlango unaoinuka pamoja na kioo chake. Toleo la GTI lililoingia sokoni mwaka 1976 lilikuwa na injini ya lita 1.6 yenye nguvu farasi 110, ndani ya gari la kilo 810 hivi. Kwa kazi ya nyumbani ni gari linalofikika. Ni jepesi, halina kompyuta, boneti ikifunguliwa mikono inaingia, na spea zake nyingi bado zinapatikana kwa sababu Afrika Kusini iliendelea kuliunda kwa jina la Citi Golf kuanzia 1984 hadi 2009. Lakini wepesi huo umewaponza wengi. Gari hili halina chasisi iliyo peke yake chini ya bodi. Sakafu, mihimili iliyo chini ya milango, nguzo za pembeni na paa ndivyo vinavyobeba kila kitu, na tundu kubwa la mlango wa nyuma linapunguza ugumu wa bodi mahali ambapo saluni ingekuwa na ukuta wa chuma nyuma ya kiti. Kwa hiyo kutu kwenye Golf ya zamani ni suala la mifupa ya gari, na sura inafuata baadaye.

Kutu hiyo ina maskani yake. Hukaa kwenye mihimili ya chini ya milango, pembeni mwa kioo cha mbele, kwenye sakafu pale abiria anapoweka miguu baada ya maji kupenya chini ya kioo, na kwenye ukingo wa chini wa mlango wa nyuma. Mahali pengine ambapo mgeni hapadhanii ni bomba la kujazia mafuta. Linapita ndani ya tundu la gurudumu la nyuma, hupigwa na matope na maji miaka nenda miaka rudi, na likishaoza unga wa kutu humwagikia tenkini. Kwenye GTI hasara haiishii hapo, maana mfumo wake wa mafuta, K-Jetronic wa Bosch, husukuma petroli kwa mgandamizo unaokaribia bar 5 kupitia njia nyembamba sana, na chembe za kutu zinatosha kuziharibu. Mwenye gari akisikia injini inakohoa, haraka huilaumu injini, akaagiza vipuri vya bei kubwa, na bomba lililooza likabaki pale pale likiendelea kuchafua tenki. Jicho la mtu ambaye hajalipenda gari ndilo lingeanza kuangalia nyuma ya gurudumu.

Sasa fikiria kukata na kuchomelea mhimili wa chini ya mlango, kwani hapo ndipo hoja yangu inaonekana wazi kuliko kwingine. Ukikata bati lililooza bila kuegemeza bodi, gari hulala kidogo katikati, na ukishachomelea bati jipya umeigandisha hitilafu hiyo daima. Mlango hautafunga sawasawa tena. Ndiyo maana kabla ya kukata hupimwa nafasi kati ya mlango na nguzo, vyuma vya kuzuia vikachomelewa kukatiza tundu la mlango, na upande mmoja ukamalizwa kabla ya kugusa wa pili. Kazi ya kuchomelea yenyewe haikubali haraka. Bati la bodi lina unene wa milimita moja hivi au pungufu, kwa hiyo fundi huweka nukta moja, akaruka kwenda kuweka nyingine mbali nayo, akasubiri bati lipoe, la sivyo joto hulikunja. Muda wote huo amevaa ngao yenye kioo cheusi. Anachokiona ni mwali wa umeme na duara dogo la chuma kilichoyeyuka, basi. Upande wa pili wa bati hilohilo kuna zulia, waya, lami ya kuzuia kelele na nta ya zamani, vyote vikiwa tayari kushika moto, na mwenye ngao ndiye mtu wa mwisho kuujua. Betri itatolewa, tenki litaondolewa, mazulia yatatolewa, lakini hayo yote hayazibi pengo la mtu anayekaa upande wa pili, akiwa na mtungi wa kuzimia moto mkononi, akitazama bati linavyobadilika rangi na kubaki hapo muda mrefu baada ya mashine kuzimwa. Hakuna kifaa kinachouzwa dukani kinachofanya kazi hiyo.

Breki ni ushahidi wa pili. Ili kutoa hewa kwenye mfumo, mmoja hukanyaga pedali na kuishikilia, mwingine akiwa gurudumuni hulegeza nipeli, mafuta na vipovu hutoka kwenye mpira ulioingizwa chupani, kisha nipeli hukazwa kabla pedali haijaachiwa. Wakipishana hata kidogo, hewa hurudi ndani. Kwenye gari lililolala miaka mingi kuna hatari nyingine: pedali ikikanyagwa hadi sakafuni, mipira ya ndani ya masta silinda husukumwa hadi sehemu ambayo haikutumika kwa muda mrefu, ambako kutu imekwisha kuota, ikachanika. Mwenye kukanyaga anatakiwa aambiwe aishie wapi, na kipande cha ubao chini ya pedali kinamsaidia. Golf za usukani wa kulia, zilizouzwa Uingereza na kusini mwa Afrika, zinaongeza ugumu wake. Zile zenye buster ya breki ziliiacha upande wa kushoto kama za Ujerumani, na pedali ikaunganishwa nayo kwa fimbo inayokatiza ukuta wa injini. Bushi na viungo vya fimbo hiyo vikichakaa, pedali huwa laini kana kwamba kuna hewa, na mtu aliye peke yake anaweza kumwaga chupa baada ya chupa za mafuta ya breki akitafuta hewa ambayo haipo. Mmoja akikanyaga na mwingine akiwa ameinama kuiangalia fimbo, ulegevu unaonekana mara moja.

Hapa nitajibiwa kwamba siku hizi kuna vifaa vya mtu mmoja. Kweli vipo. Kuna chupa za kusukuma mafuta ya breki kwa hewa, kuna mipira yenye vali ya njia moja, kuna vishikizo vya kuzungusha bodi nzima, na kuna video za mafundi wanaofanya kila kitu peke yao. Sivikatai, na chupa ya kusukuma mafuta kwa hewa ni kifaa kizuri. Ila kinachofanywa na kifaa hicho ni kupitisha mafuta tu. Hakiangalii kiungo kilicholegea wala mpira unaovuja jasho nyuma ya gurudumu wakati pedali imekazwa. Na video haioneshi nani alikuwa nyuma ya kamera. Injini na giaboksi ya Golf vikiwa vimeungana vina uzito unaozidi kilo 100, vinaning'inia kwenye mnyororo na kupita katikati ya madigadi kwa nafasi ya vidole; anayevuta mnyororo hawezi wakati uleule kuona waya uliosahaulika nyuma ya injini. Ikitokea gari limeteleza kwenye stendi, tofauti ya kuwa na mtu wa kupiga kelele na kutokuwa naye haihitaji kuelezwa.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: rafiki si fundi. Atajuaje kwamba kazi imeharibika? Jibu langu ni kwamba kazi kubwa anayotakiwa kuifanya ni ya kushuhudia, na hiyo haihitaji cheti. Adui mkubwa wa kazi ya nyumbani ni uchovu wa mwenye gari mwenyewe. Ukifika mwezi ambao fedha zimekatika na kutu imeonekana mahali pengine tena, puti huanza kupendeza. Inajaza tundu, inasuguliwa msasa, inapakwa rangi, na hakuna mpita njia atakayejua. Lakini puti haibebi uzito wowote, na mhimili uliojazwa puti hauna kazi siku gari linapogongwa ubavuni. Rafiki aliyepewa sumaku ndogo apite nayo kwenye bodi nzima atagundua mahali isiposhika, awe amesomea ufundi au hajasomea. Vivyo hivyo na nati zilizowekwa kwenye mifuko: maandishi ya mfuko yanatakiwa yasomwe na mtu ambaye hakuwepo siku ya kufungua. Asipoelewa, mwenye gari naye hataelewa baada ya miezi minane.

Shahidi huyo anahitajika hata zaidi pale sheria isipomlazimisha mwenye gari kukaguliwa. Tangu Mei 2018, Uingereza imeyasamehe magari mengi yaliyopita umri wa miaka 40 ukaguzi wa kila mwaka, mradi hayajabadilishwa sana, na Golf za mwanzo zimo katika kundi hilo. Ujerumani imechagua njia nyingine: gari lenye miaka 30 au zaidi hupewa namba maalumu yenye herufi H baada tu ya mtaalamu kuthibitisha kwamba limetunzwa vizuri na liko katika hali yake ya asili. Naupendelea utaratibu wa Wajerumani, kwa sababu unamweka mtu wa nje katikati ya mwenye gari na matumaini yake. Kwa mazingira yetu kuna sababu ya ziada. Kenya, kwa mfano, hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, kwa hiyo anayetaka hachibaki ya zamani huko hufufua lile ambalo tayari limo nchini. Spea anaweza kuagiza. Bodi nzima hawezi kuibadilisha kirahisi, na kosa la kukata mahali pasipotakiwa linamgharimu gari lote.

Wapo wanaosema ushirika wa namna hii huvunja urafiki, na kwamba ni bora kulipeleka gari gereji na kulipa. Urafiki huvunjika kweli, hasa gari linapouzwa na kila mmoja kukumbuka jasho lake. Dawa yake ni kukubaliana mapema gari ni la nani, mwenzake anapata nini, na nani ana kauli ya mwisho juu ya fedha. Mambo hayo yanazungumzika siku moja. Kuhusu gereji, kulipa ni uamuzi halali kabisa, na kwa asiye na nafasi iliyofunikwa wala muda ndio uamuzi sahihi. Lakini mwenye kulipa naye anahitaji kuona bati kabla halijafunikwa kwa rangi, maana kazi iliyofichwa nyuma ya rangi nzuri haikaguliki tena.

Kuna sehemu moja ambayo hata wawili hawatoshi, nayo ni rangi ya mwisho. Rangi za kisasa zinazochanganywa na kigumisho huwa na isosayaneti, kemikali inayoweza kumletea mpakaji pumu ya kudumu, na barakoa ya kawaida ya vumbi haiizuii. Rangi hiyo ipigwe kwenye chumba maalumu chenye hewa ya kuvuta, na mtu anayevaa kinga inayomletea hewa safi. Vumbi la breki za zamani nalo lisipulizwe kwa hewa, kwani pedi za enzi hizo zilikuwa na asbesto. Lilowanishwe, lifutwe kwa kitambaa, kitambaa kitupwe. Kazi inayobaki kwa marafiki baada ya bodi kurudi kutoka kwenye rangi ni ndefu na ya kutulia: kupulizia nta ndani ya mihimili kupitia matundu ya kiwandani, kufunga mpira wa kioo cha mbele mmoja akisukuma kutoka nje na mwingine akivuta kamba kutoka ndani, kisha kumwagia maji paa lote huku mmoja amekaa kitini na tochi, akitazama chini ya dashibodi karibu na sanduku la fyuzi, mahali ambapo Golf hizi huingiza maji kwanza.