Mzazi Peke Yake na Mikataba Mitatu ya Kazi

Tangazo la kazi ya kuhudumia wazee majumbani huku Uingereza huweka malipo ya saa juu kabisa, kwa herufi nene. Idadi ya saa huwekwa chini, au haitajwi. Kwa mzazi anayelea watoto peke yake na kupokea Universal Credit, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, tangazo hilo lisomwe kuanzia chini. Saa zilizoahidiwa kwa maandishi zina thamani kubwa kuliko pauni moja zaidi kwa saa, na hesabu inaonyesha wazi.

Nalinganisha kazi tatu ambazo wengi wetu hupewa: mkataba wa saa sifuri (usioahidi saa zozote) wa kuhudumia wazee, kazi ya ghalani kupitia ajensi, na mkataba wa muda maalumu jikoni shuleni. Viwango vyote ni vya mwaka wa fedha 2025/26, na vingi hubadilika kila Aprili. Jambo moja litangulie: kama visa yako inakukataza kutumia fedha za umma, usiombe Universal Credit kabla ya kuonana na mshauri wa uhamiaji anayetambuliwa kisheria. Kuomba bila haki kunaweza kukuharibia ukaazi.

Mzazi anayepokea Universal Credit pamoja na msaada wa kodi ya nyumba anaruhusiwa kupata pauni 411 kwa mwezi bila kukatwa chochote. Baada ya hapo, kila pauni ya mshahara inapunguza msaada kwa peni 55. Kwa hiyo mwajiri anayekuongezea pauni moja kwa saa anakuongezea peni 45 tu. Kwa mtu wa saa 16 kwa wiki, nyongeza hiyo inayovutia kwenye tangazo ni kama pauni 31 kwa mwezi, na nauli ya basi inaweza kuimaliza.

Zile pauni 411 hazihamishwi. Mwezi usipopata kazi, nafuu ya mwezi huo imepotea. Chukua wazazi wawili, kila mmoja amepata pauni 1,000 kwa miezi miwili. Wa kwanza amelipwa 500 na 500; msaada wake umepungua kwa pauni 97.90 kwa jumla. Wa pili, wa saa sifuri, amelipwa 1,000 mwezi wa kwanza na hakuitwa kabisa mwezi wa pili. Msaada wake umepungua kwa pauni 323.95. Wamefanya kazi ileile na kulipwa fedha zilezile, lakini wa pili amepoteza pauni 226.05 kwa sababu tu ya jinsi shifti zilivyopangwa. Hasara hiyo haionekani kwenye hati yoyote ya mshahara, ndiyo maana watu huishi nayo miaka bila kuijua.

Halafu kuna kuchelewa. Msaada huhesabiwa kwa mwezi uliokwisha, uitwao mwezi wa tathmini, na kulipwa siku saba baadaye. Ukifanya kazi sana Novemba, makato yake yanakukuta Desemba, wakati huenda shifti zimekauka. Mwezi wa mshahara mdogo unakuwa pia mwezi wa msaada mdogo, na kodi ya nyumba haisubiri.

Sasa tuziweke kazi zenyewe mezani. Tuseme jikoni shuleni wanatoa saa 20 kwa wiki kwa kima cha chini cha pauni 12.21, kwa mwaka mmoja, kumshikia nafasi aliye kwenye likizo ya uzazi. Ukihesabu wiki za masomo na likizo yenye malipo, tuseme wiki 44, kisha ukagawa kwa miezi 12 kama shule nyingi zinavyofanya, unapata kama pauni 895 kila mwezi, Agosti ikiwemo. Universal Credit inapungua kwa 266. Kinachobaki mkononi juu ya msaada ni pauni 629.

Kampuni ya huduma za majumbani inatoa pauni 13 kwa saa na kusema kwa mdomo, "utapata kama saa 25." Tuwaamini, tufanye saa hizo zinapatikana mwaka mzima bila kukatika. Mshahara ni pauni 1,408. Baada ya kodi na bima ya taifa, 1,307. Universal Credit inapungua kwa 493. Kinachobaki ni pauni 814. Hesabu zote mbili, hii na ile ya jikoni, ni kabla ya mchango wa pensheni. Tofauti ni pauni 185 kwa mwezi, lakini ni kwa saa 35 za ziada zinazolipwa. Kila saa ya ziada imekuletea kama pauni 5.30, na hapo hatujalipa mlezi wa mtoto.

Na hizo ni saa zinazolipwa tu. Ratiba ya huduma za majumbani hupasuka katikati: saa moja asubuhi hadi nne, kuwaamsha wazee, kuwaogesha na kuwapa chai, kisha saa kumi na moja jioni hadi mbili usiku, kuwalaza. Mchana uko nyumbani bila malipo, na chekechea nyingi zimefungwa saa zile hasa unazotakiwa kazini. Muda wa kwenda kutoka kwa mzee mmoja hadi mwingine lazima uhesabiwe katika kima cha chini cha mshahara. Uliza mapema wanaurekodi vipi. Wakijibu kwamba umo ndani ya malipo ya saa, omba wakuonyeshe hesabu.

Malezi ndiyo mizani yenyewe. Universal Credit hurudisha asilimia 85 ya gharama za mlezi aliyesajiliwa, hadi pauni 1,031.88 kwa mwezi kwa mtoto mmoja na 1,768.94 kwa wawili au zaidi. Kwa kawaida unalipa kwanza ndipo urudishiwe. Ukianza kazi mpya, mwambie mshauri wako wa Jobcentre kabla hujalipa ada ya kwanza, maana wanaweza kukusaidia mapema. Wengi hawaulizi, wanakopa. Na chekechea inadai ada ya nafasi hata wiki ambayo kampuni haikukuita.

England, mzazi anayefanya kazi hupata saa 30 kwa wiki za malezi bila malipo, kwa wiki 38 za mwaka, kuanzia mtoto wa miezi tisa. Sharti ni kutarajia kupata, kwa wastani wa miezi mitatu, angalau mshahara wa saa 16 za kima cha chini kwa wiki, yaani kama pauni 2,539. Kazi ya jikoni inalivuka kwa uhakika: 895 mara tatu ni 2,685. Wa saa sifuri anathibitisha sharti hilo kila miezi mitatu huku hajui ratiba ya wiki ijayo.

Kwa wenye watoto kadhaa na kodi kubwa ya nyumba kuna ukomo wa misaada: pauni 1,835 kwa mwezi kwa mzazi peke yake nje ya London, na kama 2,110 ndani yake. Unaondolewa kwenye ukomo huo ukipata mshahara wa pauni 846 katika mwezi wa tathmini. Hapa tarehe ya malipo inauma. Mtu wa saa 16 kwa pauni 12.21 anayelipwa kila mwezi anafikia 846. Mwenzake wa saa zilezile, anayelipwa kila wiki nne, anapata 781 na kubanwa miezi 11 kati ya 12. Mama mmoja alilipeleka suala hili mahakamani. Alishinda Mahakama Kuu, kisha mwaka 2021 Mahakama ya Rufaa ikaipa serikali ushindi. Naona ni dhuluma. Lakini ndivyo ilivyo, kwa hiyo ukilipwa kila wiki nne kwa kima hicho, omba saa 18.

Ajensi ya ghalani ina sifa moja nzuri: hulipa upesi, kila wiki. Baada ya wiki 12 katika kazi ileile una haki ya malipo ya msingi sawa na mwajiriwa wa pale, na pengo linalozidi wiki sita huweza kurudisha hesabu mwanzo. Kabla ya kusaini, dai ile hati ya maelezo muhimu ambayo sheria inailazimisha ajensi kukupa. Ukilipwa kupitia kampuni ya kati, kiwango ulichotajiwa si mshahara wako; ndani yake hutolewa ada ya kampuni hiyo na bima ya taifa ya upande wa mwajiri. Na usipange chekechea ya Januari kwa shifti za Desemba.

Mimi ningechukua jikoni, hata kama mkataba unaisha baada ya mwaka. Saa sifuri ningeikubali kwa mzazi ambaye bibi wa mtoto anaishi jirani na yuko tayari kuamka alfajiri, au kama nyongeza juu ya kazi yenye saa za uhakika. Inawezekana kisheria, kwani tangu 2015 mwajiri wa saa sifuri hana ruhusa ya kukufungia usifanye kazi kwingine. Sheria ya Haki za Ajira iliyopitishwa Desemba 2025 imeandaa haki ya kupewa saa za uhakika, lakini inatekelezwa kwa hatua. Usisaini leo kwa kuitegemea.

Kama tayari uko kwenye saa sifuri na unataka kutoka, usiache kazi kabla nyingine haijathibitishwa kwa barua. Kuacha kwa hiari bila sababu inayokubalika kunaweza kukuletea adhabu ya kupunguziwa msaada kwa siku 91. Andika kwenye ukurasa wako wa Universal Credit kila wiki ambayo hukuitwa, weka ratiba na ujumbe wa shifti zilizofutwa, kisha nenda Citizens Advice au wasiliana na Gingerbread, shirika la wazazi wanaolea peke yao, ukiwa na karatasi hizo. Ushauri wao hautozwi chochote.