Mshtuko wa Ugeni: Msafiri wa Makorora Afikapo Maskati

Binti aliyelelewa Makorora, ambaye hajapata kuvuka mpaka wa nchi, anapokwenda Omani kufanya kazi za nyumbani, ndugu zake huihofia ndege kuliko nchi aendayo. Huko, husema, iko dini yetu, uko wali, na wapo wenyeji wanaosema Kiswahili kwa kuwa wazee wao walitoka Unguja. Maneno hayo ni kweli. Hata hivyo, baada ya majuma machache simu huanza kuja: kichwa chauma, moyo waenda mbio, usingizi haupatikani, chakula hakipiti. Nyumbani watu huulizana kama amerogwa. Huko aliko hupimwa damu, akaambiwa hana ugonjwa. Mara nyingi hali hiyo ni mshtuko wa utamaduni.

Jina hilo lilienezwa na Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Kanada ambaye miaka ya 1930 alifanya utafiti Ankole, Uganda. Katika hotuba aliyoitoa Rio de Janeiro mwaka 1954, alieleza kwamba mshtuko huu hutokana na kupotea kwa ishara ndogondogo zinazotuongoza bila sisi kufikiri: lini kumpa mtu mkono, lini kukataa, lipi ni mzaha na lipi si mzaha. Miongoni mwa dalili alitaja kunawa mikono kupita kiasi, wasiwasi juu ya maji na chakula, hofu ya kuibiwa, hasira kwa jambo dogo, na hamu kali ya kurudi kwao.

Chukua mfano wa saa. Maskati iko mbele yetu kwa saa moja tu, kwa hiyo uchovu wa msafiri hauwezi kusingiziwa tofauti ya saa. Lakini Mwarabu asemapo saa sita huhesabu kutoka usiku wa manane, nasi huhesabu kutoka magharibi na alfajiri. Neno ni lile lile, na kati yake na letu pana saa sita nzima: yeye ataka kazi ianze alfajiri, binti amesikia adhuhuri. Kufanana kwa lugha na dini, kunakowatuliza ndugu, ndiko kunakomfanya mgeni aone haya kusema kwamba haelewi. Kila tendo ambalo kwao lilijiendea lenyewe sasa lataka kufikiriwa. Mwili hukaa katika hali ya tahadhari mchana na usiku, na hapo ndipo moyo huenda mbio na usingizi hukatika.

Oberg aligawa hali hii katika hatua, ya kwanza ikiwa furaha ya mgeni anayeona kila kitu kizuri. Tafiti za baadaye zimeonyesha kuwa si wote huipitia hatua hiyo. Wengi huumia zaidi siku za mwanzoni. Sishangai. Sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini mfanyakazi wa nyumbani hupewa jembe siku ile ile anayoshuka. Mlinganishe na Martin Kayamba, karani wa serikali aliyejulikana sana Tanga, ambaye mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge pamoja na Mtemi Makwaia wa Shinyanga na Francis Lwamugira wa Bukoba. Aliporudi aliandika kitabu cha Kiswahili kuhusu waliyoyaona. Alikuwa na wenzake wa kuzungumza nao, heshima ya ujumbe wake, na hakika ya kurudi. Binti wetu mara nyingi yuko peke yake kwa mkataba wa miaka miwili.

Hapa nawasihi wahudumu wenzangu tuwe waangalifu. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wafanyakazi wa nyumbani kutoka Tanzania walioko Omani na Umoja wa Falme za Kiarabu, ikieleza kunyang'anywa pasipoti, kazi za saa nyingi mno, vipigo na kunajisiwa. Mtu aliyefungiwa ndani na kunyimwa mshahara hana mshtuko wa utamaduni, amedhulumiwa. Kumwambia avumilie kwa kuwa atazoea ni kumtibu kwa dawa isiyo yake.

Mshtuko wenyewe si ugonjwa, na kwa wengi hupungua kadiri wanavyojifunza lugha na kupata mtu wa kusema naye. Lakini huzuni au kukosa hamu ya jambo lolote kukidumu majuma mawili au zaidi, pamoja na kukosa usingizi, kukonda au kujiona hafai, hiyo yaweza kuwa sonona, nayo hutibika. Anayesikia sauti wasizosikia wengine, au anayewaza kujiua, aonwe siku hiyo hiyo. Mgonjwa wa namna hii akifika Kituo cha Afya Makorora baada ya kurudi, atasema kichwa na kifua. Aulizwe, faraghani na bila ndugu aliyemlipia safari, alikuwa wapi, aliishi na nani, alikula na kulala vipi. Ikibidi apewe rufaa kwenda Bombo.

Anayetumia dawa za kifafa, kisukari, shinikizo la damu au maradhi ya akili asiziache kwa kuogopa kukataliwa safari. Achukue za kutosha pamoja na barua ya daktari. Awe na nakala ya pasipoti na mkataba, na nakala nyingine zibaki nyumbani. Akipata homa majuma ya kwanza ugenini, aseme wazi kuwa ametoka Tanga, maana huko huenda malaria isifikiriwe. Na anayerudi baada ya miaka miwili amekwisha kupoteza sehemu ya kinga yake: akipata homa na kuanza kuweweseka, apimwe malaria saa ile ile, kabla hajatajwa jini wala huzuni.