Safari Hupimwa kwa Mtoto Mdogo

Siku moja, katika shule moja ya Mangobo, mjini Kisangani, mwalimu alichora mnyama ubaoni. Mwili wake ulikuwa wa rangi ya kahawia. Miguu yake ilikuwa na milia myeupe na myeusi kama ya punda milia. Ulimi wake ulikuwa mrefu sana, hata aweza kujilamba macho. Mwalimu akasema, "Huyu ni okapi, ndugu yake twiga. Porini haishi katika nchi nyingine yo yote duniani, ila katika Kongo yetu tu."

Mvulana mmoja wa miaka 9 alirudi nyumbani mbio. Alimkuta baba yake amekaa mlangoni. Akamwambia, "Baba, likizo ya Noeli twende tukamwone okapi!"

Baba hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Alisema, "Lete karatasi na kalamu. Muite na mama yako. Safari huanzia mezani."

Katika nyumba ile walikuwamo watoto 4. Wa kwanza alikuwa msichana wa miaka 12, na wadogo zake walimwita Yaya. Wa pili ni yule mvulana. Wa tatu alikuwa na miaka 6, na kitinda mimba alikuwa na miaka 3. Wote wakakaa kuizunguka meza.

1. Kujua mahali pa kwenda

Hifadhi ni sehemu ya nchi ambayo sheria imeitenga, ili miti na wanyama wake wasimalizwe.  Hifadhi ya Virunga iliwekwa mwaka 1925, na ndiyo mbuga ya kwanza ya taifa katika Afrika. Lakini Virunga iko mbali sana na Kisangani, upande wa Kivu.

Hifadhi ya Okapi iko katika msitu wa Ituri. Iliwekwa mwaka 1992. Mwaka 1996 UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa dunia, maana yake ni mali ya thamani kwa watu wote. Ndani yake wanaishi Wambuti, watu wanaoujua msitu kuliko wageni wote. Kituo chake kikubwa ni Epulu, kijiji kilicho kando ya mto wa jina hilohilo. Mtu wa Kisangani anayekwenda Epulu hufuata barabara kuu ya mashariki. Hupita Bafwasende, penye mto Lindi, kisha Nia-Nia, ndipo afike Epulu. Ni zaidi ya kilomita 400.

2. Kuhesabu njia

Yaya alishika kalamu. Baba akasema, "Barabara ile ni ya udongo. Motokaa haiwezi kukimbia. Kama ikienda kilomita 25 kwa saa moja, kilomita 400 zitachukua saa ngapi?"

Yaya akagawanya. "Saa 16, baba."

"Je, mdogo wako wa miaka 3 aweza kukaa garini saa 16?"

Wote wakamtazama mtoto. Alikuwa amekwisha lala mapajani pa mama.

Hapo mama akawafundisha jambo kubwa: safari ya jamaa haipimwi kwa nguvu za baba, wala kwa hamu ya mvulana. Hupimwa kwa mtoto aliye mdogo kuliko wote. Yeye huona njaa mapema, huchoka upesi, hutapika gari likitikisika, na homa humshika kwa urahisi. Mtoto mdogo yafaa ashuke garini kila baada ya saa mbili, anyoshe miguu, ajisaidie na anywe maji. Kwa hiyo njia ya Epulu ni ya siku 2 za kwenda na siku 2 za kurudi, na usiku wa katikati lazima walale Bafwasende au kijiji kingine.

Tena kuna mvua. Kisangani iko karibu na mstari wa ikweta, na mvua hunyesha miezi yote. Lakini mwezi wa Oktoba na wa Novemba hunyesha zaidi, na tangu Desemba mpaka Februari hupungua. Ndiyo sababu likizo ya Noeli ni wakati mwema. Mvua ikinyesha, barabara ya udongo hulegea. Lori zito likipita, magurudumu huchimba mashimo marefu kama mifereji. Kwa hiyo mahali pengine huwekwa kizuizi cha mvua, magari yangoje hata udongo ukauke. Dereva mwenye akili hakasirikii kizuizi, kwa maana kinamhifadhia njia ya kesho.

3. Kuuliza

Kuuliza si ujinga. Kesho yake baba alikwenda kwa madereva wa malori waliotoka Nia-Nia. Aliwauliza mambo matatu: Barabara ikoje? Madaraja yakoje? Je, kuna amani? Kisha aliwauliza watu wa ICCN, shirika la serikali linalotunza hifadhi za Kongo. Hakumwuliza mtu mmoja tu, kwa sababu mtu mmoja aweza kukosea, au aweza kusema lile analopenda msikilizaji.

Jioni alirudi na uso mzito. Aliwaambia wanawe kweli yote.

Mwezi wa Juni mwaka 2012, watu wenye silaha walikishambulia kituo cha Epulu. Waliua watu, na kati yao walikuwamo walinzi wa hifadhi. Palikuwa na okapi 14 waliotunzwa pale kituoni ili wageni waweze kuwaona. Wote walikufa kwa shambulio lile. Baadaye kituo kilijengwa tena, na walinzi walirudi kazini. Lakini okapi wa kuonyeshwa wageni hawakuwekwa tena. Okapi waliobaki wako msituni, nao hujificha vizuri sana. Masikio yao ni makubwa, husikia mtu angali mbali. Wataalamu wa Ulaya hawakumtambua mnyama huyu mpaka mwaka 1901, ijapokuwa watu wa msitu walimjua tangu zamani. Tena katika miaka hii wenye silaha wameendelea kuvitesa vijiji vya upande wa Mambasa.

Baba akasema, "Madereva wawili waliniambia, 'Sisi twapita, maana ndiyo kazi yetu. Lakini watoto wetu hatuwachukui.' Basi, mwaka huu hatutakwenda Epulu."

Mvulana aliinamisha kichwa, machozi yakamtoka. Baba hakumcheka. Akamwambia, "Mwanangu, kosa lilikuwa langu kama ningalikuahidi okapi. Mzazi aweza kuahidi safari, hawezi kuahidi mnyama. Mnyama wa porini hana bwana wa kumwita aje."

4. Mahali pa pili

Mpango mzuri una mahali pa kwanza na mahali pa pili. Mama alikuwa amekwisha fikiri mahali pa pili tangu siku ya kwanza. Alisema, "Kuna Yangambi."

Yangambi iko upande wa magharibi wa Kisangani, kando ya mto Kongo, kama kilomita 100 kwa barabara. Msitu wake umeingizwa na UNESCO katika hifadhi zake tangu miaka ya 1970. Mwaka 1933 Wabelgiji waliweka shirika la kuchunguza kilimo, na Yangambi ikawa kituo chake kikubwa. Leo kazi hiyo ni ya INERA, shirika la Kongo yenyewe. Pale mna nyumba ya mimea mikavu. Kila mmea umebanikwa juu ya karatasi, na kando yake yameandikwa jina lake, mahali ulipotoka, na tarehe ulipochumwa. Karatasi hizo zinakaribia 150,000.

Yaya akahesabu tena: kilomita 100, kwa kilomita 25 kila saa, ni saa 4. Wakaongeza saa 1 ya kungoja kivuko cha mto Lindi, na saa 1 ya kupumzika. Jumla saa 6. Wakitoka alfajiri, watafika mchana, na mtoto mdogo atalala kitandani, siyo garini. Baba akauliza habari za njia hiyo pia, vile vile kama alivyouliza ile ya kwanza. Akajibiwa kwamba ni shwari.

Motokaa hawakuwa nayo. Wakapatana na jirani, wakakodi jipu moja, wakagawana malipo. Fedha zao wakaziweka katika bahasha 4: ya gari na mafuta, ya chakula, ya malipo ya kutembelea, na ya akiba. Bahasha ya akiba ilifungwa kwa uzi. Ilikuwa ya ugonjwa au ya gari kuharibika, haikuguswa kwa pipi wala soda.

5. Kufunga mizigo

Mama hakufunga vitu vingi. Alifunga vile ambavyo pasipo yeye kuwa navyo mtoto angeteseka.

Maji: bidoni moja ya lita 20, maji yaliyochemshwa. Watu 6, kila mmoja lita 2 kwa siku, ni lita 12. Zilizobaki ni za kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Chakula: lituma ya kula siku ile ile, maana ndizi zilizopondwa huchacha upesi. Kwa siku za baadaye kwanga, ambayo katika majani yake hukaa siku nyingi bila kuharibika, pamoja na karanga na samaki wakavu.

Chandarua: viwili, kwa sababu mbu wa malaria huuma usiku, na malaria huua zaidi watoto wasiofikia miaka 5.

Dawa: dawa ya homa kama mganga alivyoandika, kitambaa safi cha vidonda, sukari na chumvi. Mtoto akiharisha, hupewa maji ya kumrudishia nguvu: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Homa ikizidi, apelekwe kituo cha afya mara moja, safari ingoje.

Zawadi: chumvi na sabuni kwa ndugu wa mama watakaowapokea. Mgeni mwema hafiki mikono mitupu.

6. Njiani

Kila mtoto alipewa kazi. Yaya alihesabu ndugu zake kila gari liliposimama na kila lilipoondoka. Mvulana alitunza bidoni. Mtoto wa miaka 6 alitazama dirishani na kutaja kila mto waliouvuka. Kitinda mimba alipewa kazi ya kushika kidole cha mama.

Kwenye kivuko cha Lindi watu wote walishuka kwanza, kisha jipu likaingia tupu. Ndivyo ifaavyo, maana gari likiteleza na kuanguka mtoni, afadhali liwe halina watu. Watoto walikaa katikati ya kivuko, mbali na ukingo.

Hifadhini walifuata amri za kiongozi wao. Hawakupiga kelele. Hawakung'oa mmea. Hawakumgusa mnyama aliyekufa, kwa sababu maradhi mabaya kama Ebola yaweza kumwingia mtu kwa njia hiyo. Nyama ya porini walipoonyeshwa njiani hawakununua. Anayenunua leo ndiye anayemtuma mwindaji kesho.

Ndani ya nyumba ya mimea, mvulana alisimama mbele ya jani lililochumwa kabla babu yake hajazaliwa. Lilikuwa kavu, lakini mishipa yake yote ilionekana. Akauliza, "Majani ya kule Ituri, anayokula okapi, yanaweza kuwamo humu?" Mtunzaji akamwambia kwamba mimea ya misitu mingi ya Kongo imo, na kwamba mtu anayetaka kumlinda okapi imempasa kwanza kujua chakula chake. Mvulana akatoa kalamu, akaanza kuchora jani.

Siku ya tatu, jioni, jipu lilisimama tena Mangobo. Majirani wakaja kuuliza, "Mmeona nini?" Kila mtoto akasema neno lake. Lakini Yaya kwanza alifanya kazi yake ya mwisho. Alihesabu: mmoja, wawili, watatu, na yeye mwenyewe wa nne. Waliondoka wanne, wamerudi wanne, na hakuna mwenye homa.

Maswali

1. Kwa nini mama alisema kwamba safari hupimwa kwa mtoto mdogo kuliko wote?
2. Baba aliwauliza watu gani kabla ya kukata shauri? Kwa nini hakumwuliza mtu mmoja tu?
3. Safari ya kilomita 150, kwa kilomita 25 kila saa, ni ya saa ngapi?
4. Kizuizi cha mvua kina faida gani?
5. Taja vitu 4 ambavyo wewe ungefunga kwa safari ya mdogo wako, na sababu ya kila kimoja.