Programu Ikiwa Wazi kwa Kila Mtu, Je, Pesa Zako Ziko Salama?

Saa kumi na moja alfajiri, soko la Wakulima, Nairobi. Mama mboga amechagua kreti mbili za nyanya. Anatoa simu yake ya mulika mwizi, anaweka nambari ya muuzaji, kiasi, kisha PIN. Kabla vijana hawajamaliza kupakia mizigo, simu ya muuzaji imelia: pesa imeingia. Safari ya kurudi mtaani inaanza.

Simu ile haikutuma noti yoyote. Kilichosafiri ni maagizo mafupi tu, kutoka kwenye simu hadi mnara wa mtandao, kisha hadi kwenye kompyuta kubwa tunazoita seva. Seva ndizo zilizopunguza salio la mama na kuongeza la muuzaji. Pesa zenyewe hazikai kwenye simu, na wala hazikai ndani ya seva. Kanuni za mifumo ya malipo nchini Kenya zinataka pesa za wateja ziwekwe katika akaunti za amana benki, mbali na pesa za kampuni. Seva inaweka daftari: nani ana kiasi gani, nani amemlipa nani, saa ngapi.

Sasa basi, daftari hilo linalindwa na nini? Wateja wengi hushtuka wakisikia kwamba programu zinazoendesha seva za namna hii mara nyingi ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwenye intaneti na mtu yeyote anaweza kuusoma. Swali linakuja hapo hapo: kama kila mtu anaweza kusoma, si hata mwizi atasoma? Ni swali zuri, na jibu lake litakusaidia siku tapeli atakapokupigia simu.

Wingu ni ploti

Ukisikia neno "wingu", usitazame juu. Wingu ni chumba kilichofungwa, chenye seva nyingi, stima, jenereta ya kusaidia stima ikipotea, na mashine za kupoza joto usiku na mchana.

Fikiria ploti ya nyumba za kupanga. Jengo ni moja, lakini lina vyumba vingi, na kila chumba kina mlango na kufuli yake. Seva moja kubwa hugawanywa hivyo hivyo. Ndani yake zinawekwa kompyuta nyingi ndogo zinazoitwa mashine pepe. Moja inashughulikia salio, nyingine inatuma ujumbe wa kuthibitisha, nyingine inahesabu ada. Moja ikileta shida, si lazima zingine zisimame nayo.

Kampuni ikitaka vyumba ina njia mbili. Ya kwanza ni kupanga kwenye ploti kubwa ya mwingine, kama zile za Amazon, Google au Microsoft. Hilo huitwa wingu la umma. Ya pili ni kuwa na ploti yako mwenyewe, ambayo humo ndani hakuna mpangaji mwingine. Hilo ndilo wingu binafsi. Kampuni nyingi huchanganya zote mbili.

Kwa malipo ya simu, mahali ploti ilipo ni jambo la kisheria pia. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kanuni zake za 2021 zinaitaja mifumo ya malipo ya kielektroniki miongoni mwa zile ambazo data yake inafaa kushughulikiwa kwenye kituo kilicho nchini, au angalau nakala moja ikae humu nchini. Ndiyo maana wingu binafsi lina uzito katika kazi hii: unajua mlango uko wapi na nani ameshika funguo.

Nani anasimamia ploti?

Ploti bila msimamizi ni fujo. Nani amepewa chumba kipi? Stoo ni ya nani? Geti limefungwa? Kwenye wingu, msimamizi ni programu, na mojawapo ya zile maarufu zaidi ambazo ni huria inaitwa OpenStack.

OpenStack ilianzishwa mwaka 2010 na shirika la anga za juu la Marekani, NASA, pamoja na kampuni ya Rackspace. Kila upande ulileta msimbo wake, wakauunganisha, na wakauachia ulimwengu chini ya leseni ya Apache, ambayo inamruhusu yeyote kuutumia, kuusoma na kuubadilisha. CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilicho karibu na Geneva, kinaitumia kuendesha maelfu ya seva.

Kazi za OpenStack zimegawanywa. Sehemu iitwayo Nova inagawa vyumba, yaani inawasha na kuzima mashine pepe. Neutron inachora njia na mageti kati ya vyumba. Cinder inagawa stoo. Keystone ni askari wa getini: hakuna anayepita bila kuonyesha kitambulisho, na kila mtu ana milango anayoruhusiwa na asiyoruhusiwa. Horizon ni ukurasa ambao fundi anaufungua kuona ploti yote kwa pamoja.

Chini ya OpenStack kuna programu zingine huria. Kuna Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi huko Helsinki. Kuna KVM, iliyoingizwa ndani ya Linux mwaka 2007, ambayo ndiyo hasa inayogawa seva kuwa mashine pepe. Pia kuna Ceph, inayohifadhi data kwenye diski nyingi kwa mpigo. Kwa kawaida Ceph hupangwa kuweka nakala tatu za kila kipande cha data, tena kwenye seva tofauti. Diski moja ikiungua, nakala mbili zimebaki, na mfumo unaanza kutengeneza ya tatu bila kungoja fundi aamke.

Kwa mama mboga wetu maana yake ni hii. Mwisho wa mwezi watu wanalipa nyumba, Januari wanalipa karo, na maombi yanafurika. Kununua seva mpya na kuifunga huchukua wiki kadhaa. Kuwasha mashine pepe ya ziada kwenye seva iliyopo huchukua dakika. Ila tusidanganyane: wingu binafsi haliwezi kugawa vyumba visivyokuwepo. Kama jengo limejaa, limejaa. Kwa hivyo mafundi wazuri huacha vyumba vitupu kabla ya msimu.

Huria haimaanishi bure kabisa

Hulipi leseni, kweli. Lakini unalipa seva, stima, ulinzi wa jengo, na zaidi ya yote, watu wanaojua kazi. Hitilafu ikitokea saa nane usiku, hakuna muuzaji wa programu wa kupigia kelele kwenye simu. Ni mafundi wako mwenyewe, au kampuni uliyoilipa ikusaidie.

Faida kubwa ni uhuru. Mwisho wa 2023 kampuni ya Broadcom ilikamilisha kuinunua VMware, ambayo programu zake za kusimamia mashine pepe zilikuwa zikitumika na makampuni mengi sana. Muda mfupi baadaye iliacha kuuza leseni za kudumu na kuhamia kwenye malipo ya kipindi kwa kipindi. Mteja aliyejenga kila kitu juu ya programu ya kampuni moja hana la kufanya ila kulipa au kuhama. Kwa programu huria, hata waanzilishi wakiondoka, msimbo unabaki na wengine wanaendelea nao.

Hata kwenye malipo yenyewe programu huria zimefika. Mwaka 2017 Wakfu wa Gates ulitoa Mojaloop, programu huria ya kuunganisha mifumo tofauti ya malipo ili mteja wa huduma moja aweze kumlipa wa nyingine. Jina lake limechukua neno letu "moja".

Siri iko kwenye ufunguo

Turudi kwenye swali la mwizi. Nenda kwa fundi yeyote wa kufuli, atakueleza jinsi kufuli inavyofanya kazi ndani. Si siri. Lakini kujua hivyo hakumfungulii mlango wako, kwa sababu hana ufunguo wako. Mtaalamu Mholanzi Auguste Kerckhoffs aliandika wazo hili tangu 1883: mfumo mzuri wa siri unapaswa kubaki salama hata adui akiujua wote, mradi tu hana ufunguo.

Programu huria ni muundo wa kufuli. Salio lako, jina lako na orodha ya malipo yako si sehemu ya msimbo, na havichapishwi popote pamoja nao. Anayesoma msimbo wa OpenStack anajua askari wa getini anakagua kitambulisho kwa njia gani. Hapati kitambulisho chenyewe.

Je, uwazi unatosha? La. Aprili 2014 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina la Heartbleed, ndani ya programu huria ya OpenSSL inayolinda mawasiliano kwenye intaneti. Kasoro hiyo ilikuwa imekaa hapo wazi kwa miaka kama miwili. Msimbo ulisomeka, lakini hakuna aliyeusoma kwa makini ya kutosha. Kufuli iliyo wazi inasaidia tu kama kuna watu wanaoikagua.

Na wakikagua? Machi 2024 mhandisi aitwaye Andres Freund aliona kwamba kuingia kwenye kompyuta aliyokuwa akiijaribu kunachelewa kwa karibu nusu sekunde. Wengi wangepuuza. Yeye akafuatilia, akagundua kwamba mtu amepachika mlango wa siri ndani ya programu huria ya XZ Utils, inayotumika kwenye mifumo mingi ya Linux. Akatangaza, na matoleo yenye mlango huo yakaondolewa kabla hayajasambaa sana. Aliweza kufuatilia kwa sababu vitu vilikuwa wazi kwake kuvichunguza, ingawa hakuwa mwenye programu hiyo.

Kwa hivyo ukitaka kujua kama kampuni inalinda pesa zako vizuri, usiulize tu kama programu yake ni huria. Uliza: inasasisha haraka kasoro inapotangazwa? Nani ana ruhusa ya kuingia kwenye seva? Nakala za akiba zimejaribiwa kweli?

Sasa wewe ufanye nini?

Tapeli hahitaji kuvunja OpenStack. Ni kazi ngumu. Rahisi zaidi ni kukupigia simu na kukwambia: "Tunahamisha akaunti yako kwenye wingu jipya, thibitisha PIN yako isije ikafungwa." Sasa umeshajua wingu linavyofanya kazi, kwa hivyo unajua huo ni uongo. Fundi anayehamisha mashine pepe kutoka seva moja hadi nyingine hahitaji PIN ya mteja hata mmoja. Mama mboga akiwa sokoni, vyumba vinaweza kuhamishwa na asijue.

Kumbuka haya:

1. PIN haiombwi kwa simu. Si kwa ajili ya kusasisha mfumo, si kwa kurudisha pesa, si kwa zawadi. Anayeiomba, kata simu.

2. Malipo yakikwama, usitume tena papo hapo. Huenda seva imeshaandika malipo na ni ujumbe tu umechelewa. Ukirudia, unaweza kulipa mara mbili. Angalia salio kwanza, kisha taarifa fupi ya akaunti.

3. Muuzaji, amini mfumo wako. Ujumbe ulio kwenye simu ya mteja unaweza kuwa wa kughushi. Bidhaa zitoke baada ya wewe kuona pesa imeingia kwako.

4. Tunza nambari ya muamala. Ndiyo inayotuwezesha kupata mstari mmoja kati ya mistari mingi ya daftari. Bila hiyo, kusaidiwa kunachukua muda.

5. Laini ikipoteza mtandao ghafla bila sababu, chukua hatua. Huenda mtu amebadilisha laini yako. Azima simu, piga huduma kwa wateja mara moja, omba akaunti ifungwe kwa muda.

6. Jua haki zako. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data unaweza kuuliza kampuni ina taarifa gani zako, na kutaka zilizo na makosa zirekebishwe.

Mafundi wana kazi yao: kukagua kufuli, kusasisha, kuacha vyumba vitupu kabla ya mwisho wa mwezi. Wewe una tarakimu nne tu za kulinda. Daftari likiwa na nakala tatu na askari getini, bado ufunguo wa chumba chako uko kichwani mwako. Usimpe mtu.